Sura ya Tano: Kisu Shingoni

Mwaka 1874, mjini Bern, Uswisi, binti wa miaka 11 alilazwa mezani akatolewa rovu. Aliyeshika kisu ni Theodor Kocher, profesa wa upasuaji ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 35. Tezi aliitoa yote, hakubakiza kitu. Kidonda kikafunga vizuri, binti akarudi kwao. Kwa vipimo vya siku zile huo ulikuwa ushindi, kwa sababu wagonjwa wengi wa rovu walioingia chumba cha upasuaji kwa miguu yao walitolewa wamefunikwa shuka.

Baadaye daktari aliyempeleka binti kwa Kocher akaleta habari isiyoeleweka: mtoto amebadilika, si yule wa zamani. Kocher alisikia, lakini jambo likalala kwa miaka. Mwaka 1882, Jacques-Louis Reverdin, daktari mpasuaji wa Geneva, akamdokeza kwamba naye ana wagonjwa waliodhoofika vivyo hivyo baada ya kutolewa tezi. Ndipo Kocher alipofanya jambo ambalo wapasuaji wa zama zake hawakuwa na desturi nalo. Aliwaita wagonjwa wake wa zamani warudi awaangalie.

Yule binti alikuja. Alikuwa na mdogo wake wa kike, na kabla ya upasuaji wawili hao walifanana hata watu wakawachanganya. Sasa mdogo alikuwa mwanamwali aliyekamilika, mzuri wa sura. Mkubwa alikuwa amebaki na kimo cha mtoto, uso umemvimba, ngozi imekauka, kauli nzito, akili imezorota. Mdogo mtu ungemdhania ndiye dada mkubwa.

Wala hakuwa peke yake. Aprili 1883, mbele ya mkutano wa madaktari wapasuaji mjini Berlin, Kocher alisoma hesabu yake. Alikuwa amepasua rovu 101. Kati ya wagonjwa 18 aliowaona tena ambao tezi yao iliondolewa yote, 16 walikuwa katika hali ile: wachovu, wanasikia baridi wakati wenzao wanatoka jasho, nywele zinanyonyoka, mikono na nyuso zimevimba. Wawili walionusurika walikuwa na vipande vya tezi vilivyosalia na kuota upya. Kazi ilivyozidi kuwa safi ndivyo mgonjwa alivyozidi kuangamia. Kocher aliapa kwamba hatatoa tena tezi nzima kwa ajili ya rovu la kawaida.

Kipepeo na madini joto

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kama kipepeo aliyetua juu ya bomba la hewa na kulikumbatia kwa mbawa zake mbili. Kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kuchukua aidini, ile ambayo Watanzania wanaiita madini joto, na kuitengenezea homoni inayouamuru mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kiunguzwe upesi kiasi gani, mtoto arefuke lini. Aidini ikipungua, tezi hujitanua ikijaribu kunasa kidogo kinachopita. Kujitanua huko ndiko rovu, au goita.

Uswisi ilikuwa nchi ya rovu. Milima yake iko mbali na bahari, na udongo wake ulishaoshwa aidini na barafu na mvua za maelfu ya miaka. Rovu jingine lilikua hadi kubana bomba la hewa, mgonjwa akalala ameketi ili apate pumzi. Watu hao ndio waliomlazimisha daktari kuchukua kisu.

Na kisu kiliogopwa. Tezi hii inanyweshwa damu nyingi kuliko viungo vingi vilivyo vikubwa kuliko yenyewe, na ukiigusa vibaya shimo la kidonda hujaa kabla hujaona kinachovuja. Samuel Gross, mpasuaji maarufu wa Philadelphia, aliandika mwaka 1866 kwamba hakuna daktari mwaminifu mwenye akili timamu atakayethubutu kazi hiyo. Theodor Billroth, aliyekuwa Zürich kabla ya kwenda Vienna, alipoteza wagonjwa 4 katika kila 10, akaiacha kazi hiyo kwa miaka kadhaa.

Mambo matatu yaligeuza hali: nusukaputi, dawa za kuua vijidudu alizozianzisha Joseph Lister, na koleo ndogo za kubania mishipa ya damu. Kocher aliyatumia yote kwa uvumilivu wa fundi saa. Alikwenda polepole, akifunga mshipa mmoja kabla ya kuugusa wa pili, na uwanja wake wa kazi ulikuwa mkavu. Katika wale 101 wa kwanza walikufa 13. Miaka 30 baadaye, idadi ya waliopita mikononi mwake ikiwa imefika 5,000, vifo vilishuka chini ya 1 katika kila 100. Mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel, mpasuaji wa kwanza kuipata.

Lakini chanzo cha ugonjwa wa binti yule hakukijua mwanzoni. Alidhani bomba la hewa ndilo lililoumia likawanyima wagonjwa pumzi ya kutosha. Mwaka huohuo wa 1883, Felix Semon, daktari wa koo mjini London, alisema mbele ya wenzake kwamba kinachoonekana Bern ni kilekile kinachowapata watu ambao tezi yao imekufa yenyewe. Wakamcheka. Kamati ikaundwa, ikachunguza kwa miaka 5, na mwaka 1888 ikamkubalia.

Kilichofuata ni kisa cha jikoni na machinjioni. Mwaka 1891, mjini Newcastle, daktari kijana George Murray alisaga tezi za kondoo, akazichuja, akamchoma sindano mama wa miaka 46 aliyekuwa amevimba na kuzubaa. Mama akazinduka. Mwaka uliofuata daktari mwingine wa Uingereza alionyesha kwamba hata sindano si lazima: tezi ya kondoo ilikaangwa kidogo, ikakatwakatwa, ikaliwa na jeli ya matunda. Mgonjwa wa Murray aliishi miaka 28 zaidi, akafa mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Kumweka hai kulihitaji tezi za kondoo zaidi ya 870.

Siku ya Krismasi ya 1914, katika Mayo Clinic huko Minnesota, mwanakemia Edward Kendall alifanikiwa kuitenga homoni yenyewe ikiwa safi. Leo inatengenezwa viwandani, na aliyetolewa tezi nzima humeza kidonge kimoja alfajiri kabla ya kula, maisha yake yote.

Wapasuaji wawili, maafa mawili

Kulikuwa na fumbo jingine. Billroth alipoirudia kazi ya rovu mjini Vienna, wagonjwa wake hawakuvimba wala kuzubaa kama wale wa Kocher. Wao walipatwa na jambo tofauti, tena upesi, katika siku za mwanzo. Midomo iliwatambaa kama imepandwa na sisimizi. Vidole vikajikunja vikaelekea kiganjani, mikono ikakakamaa, na wengine koo likajifunga wakafa. Tezi ni ileile, upasuaji ni uleule. Iweje wa Bern wapate hili na wa Vienna wapate lile?

Aliyelifumbua ni William Halsted wa Johns Hopkins, Baltimore, ambaye aliwahi kuwatazama wote wawili wakifanya kazi. Kocher, alieleza, alikuwa nadhifu. Aliibandua thairoidi yote bila kugusa kilicho nyuma yake. Billroth alikwenda mbio, bila kujali damu wala nyama za jirani. Alibakiza vipande vya thairoidi huku na huku, lakini akaondoka na vitu vingine ambavyo hata hakujua kwamba vipo.

Vitu hivyo vilikuwa vimeshaonekana. Mwaka 1849 kifaru wa Kihindi alikufa katika bustani ya wanyama ya London, na mwanaanatomia Richard Owen, akimpasua, aliona kijitezi cha rangi ya manjano kimeshikamana na thairoidi. Akakiandika, akaendelea na kifaru wake. Mwaka 1880 mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Ivar Sandström, alichapisha uchunguzi wake wa mbwa, paka, sungura, ng'ombe, farasi, kisha maiti 50 za binadamu. Kila alipotafuta alivikuta, akavipa jina la tezi za parathairoidi, yaani zilizo kando ya thairoidi. Hakuna aliyejali. Sandström alijiua mwaka 1889, bado hajui alichokigundua kinafanya kazi gani.

Kwa kawaida ziko nne, kila moja kama punje ya mchele, uzito wake miligramu 30 hadi 50, na rangi yake mpasuaji huweza kuidhania mafuta. Zinatawala kalsiamu iliyomo ndani ya damu. Kalsiamu ikishuka, hutoa homoni inayoiamuru mifupa iachie akiba yake na figo zisimwage iliyopo. Zikiondolewa, kalsiamu hushuka mno, mishipa ya fahamu hukosa utulivu, na misuli hukakamaa. Mwaka 1909 William MacCallum na Carl Voegtlin walionyesha kwamba mbwa aliyekakamaa hivyo hutulia akipewa kalsiamu.

Kuzijua hakukutosha kuziokoa. Halsted na mwanafunzi wake Herbert Evans walionyesha mwaka 1907 kwamba kila punje inalishwa na kamshipa kake kembamba. Ukiiacha mahali pake huku umekakata hako, umeacha maiti.

Konda na nahodha

Tezi hizi zikizidisha kazi, maafa huwa kinyume. Kalsiamu huhamishwa kutoka mifupani hadi mifupa inabaki kama sega la nyuki, na inayomwagwa kwenye mkojo huganda kuwa mawe ya figo. Madaktari wa mwanzo wa karne ya 20 waliona mara nyingi mgonjwa wa mifupa ya namna hiyo ana kijitezi kilichovimba, lakini walilisoma jambo kinyume: walidhani mifupa imeugua kwanza, na tezi imevimba ikijaribu kuisaidia.

Felix Mandl wa Vienna naye alianzia hapo. Mgonjwa wake alikuwa konda wa tramu, kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye mfupa wa paja ulikuwa umevunjika na maumivu hayamwachi. Kwa mantiki ya wakati ule alihitaji kuongezewa parathairoidi, kwa hiyo Mandl alimpa dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye tezi hizo, kisha akampandikizia tezi za mtu aliyekufa kwa ajali. Hakuna kilichobadilika. Mwaka 1925 akaamua kufanya kinyume. Alimfungua shingo chini ya ganzi, akakuta uvimbe mmoja, akautoa. Kalsiamu kwenye mkojo ikashuka, maumivu yakapungua, na konda aliyekuwa hoi akaanza kutembea kwa mkongojo. Baada ya miaka kadhaa ugonjwa ulimrudia ukamuua, lakini mshale wa sababu ulikuwa umeshageuzwa.

Ng'ambo ya Atlantiki, nahodha wa meli za biashara wa Marekani alikuwa anapungua kimo. Ujanani alikuwa na sentimita 180 na zaidi. Mifupa ya mgongo ilivyozidi kujikunja alipoteza sentimita zipatazo 18. Alipasuliwa shingo mara sita, madaktari wakatafuta, wasione kitu. Nahodha, mtu aliyezoea kusoma ramani, alijisomea vitabu vya anatomia, akawashikilia madaktari wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, wamtafute kifuani. Mwaka 1932, katika upasuaji wa saba, Edward Churchill na Oliver Cope waliukuta uvimbe ndani ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari.

Ulifikaje huko? Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, parathairoidi mbili za chini husafiri pamoja na tezi ya thaimasi inayoshuka kifuani. Kwa kawaida hushukia shingoni, lakini nyingine hupitiliza kituo. Na idadi yenyewe si ya kuaminiwa: katika uchunguzi wa maiti 503 uliochapishwa mwaka 1984, tena kutoka Uppsala ya Sandström, watu 84 katika kila 100 walikuwa na tezi nne, 13 walikuwa na zaidi, na 3 walikuwa na tatu tu. Nahodha hakuishi kuyafaidi mafanikio yake. Alikufa wiki 6 baadaye, baada ya upasuaji wa jiwe la figo.

Siku hizi mpasuaji haingii gizani kama zamani. Picha za ultrasaundi na za dawa yenye mnururisho humwonyesha upande wa kuanzia. Na ipo hila moja nzuri, iliyoenezwa na George Irvin wa Miami katika miaka ya 1990. Homoni ya parathairoidi haikai kwenye damu. Dakika chache tu nusu yake imekwisha. Kwa hiyo mpasuaji akishatoa uvimbe, damu huchukuliwa baada ya dakika 10 na kupimwa mgonjwa akiwa bado mezani. Kiwango kikishuka kwa nusu au zaidi, shingo hufungwa. Kisiposhuka, kuna uvimbe mwingine umejificha.

Uzi wa sauti

Nyuma ya thairoidi unapita pia mshipa wa fahamu unaotikisa nyuzi za sauti. Njia yake ni ya mzunguko wa ajabu: hutoka kichwani, hupita koo lote, hushuka hadi kifuani, hujipinda chini ya mshipa mkubwa wa damu, kisha hupanda tena kurudi kooni. Kwa twiga safari hiyo ni ya mita kadhaa, ilhali kutoka ubongo hadi koo ni hatua fupi tu. Tabibu Galen alionyesha mbele ya umati wa Roma, katika karne ya 2, kwamba nguruwe anayepiga kelele hunyamaza papo hapo mshipa huo ukifungwa.

Wapasuaji wengi waliona usalama ni kukaa mbali nao. Frank Lahey wa Boston aliwaambia kinyume katika miaka ya 1930: utafute, uuone kwa macho yako, ndipo utajua usiukate. Leo kuna kifaa kinachoupima kwa umeme mdogo na kutoa mlio misuli ya koo inaposhtuka.

Mshipa huo una jirani mwembamba zaidi, anayekaza nyuzi kwa ajili ya noti za juu. Kwa miongo mingi walimu wa upasuaji waliwatisha wanafunzi kwa kisa cha Amelita Galli-Curci, mwimbaji wa opera kutoka Milan, aliyetolewa rovu mjini Chicago mwaka 1935 na hakuimba tena kama zamani. Waliorudia kumbukumbu zake baadaye walisema sauti ilikuwa imeanza kushuka kabla ya kisu, na kwamba daktari yule alitwishwa lawama isiyo yake. Kisa bado kinasimuliwa, kwa kuwa kinamfanya kijana mwenye kisu apunguze mwendo.

Rovu lisilohitaji kisu

Nchi ya Kocher yenyewe ilikuja kupunguziwa kazi hiyo na chumvi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari wa milimani Otto Bayard aliichanganya chumvi ya wanakijiji na aidini kidogo sana, na marovu ya watoto yakaanza kunywea. Mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden likaanza kuuza chumvi ya namna hiyo, na majimbo mengine yakafuata. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti wa Kibelgiji wa miaka ya 1960 walikuta jambo la kuongezea: aidini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa upande wa kaskazini tu. Walichokishuku ni muhogo, ambao usipoandaliwa vizuri huacha sumu inayoizuia tezi kunasa hata hiyo aidini kidogo.

Onyo la karibuni zaidi limetoka Korea Kusini. Watu walianza kupimwa shingo kwa ultrasaundi kwa wingi, na kufikia 2011 saratani za thairoidi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za 1993. Idadi ya waliokufa kwa saratani hiyo haikubadilika. Maelfu walikuwa wamekatwa tezi kwa ajili ya vivimbe ambavyo visingewadhuru maishani. Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, Japani, ilikuwa imeshachukua njia nyingine tangu 1993: vivimbe vya saratani visivyozidi sentimita 1, visivyo na dalili mbaya, viliachwa na kuangaliwa. Katika wagonjwa 1,235 waliofuatiliwa hivyo, hakuna aliyeuawa na saratani hiyo.

Kilichobaki cha Kocher ni kile alichokifanya alipowaita watu warudi. Saa chache baada ya upasuaji, muuguzi humuuliza mgonjwa kama midomo inamtambaa, kisha humgonga kwa kidole shavuni, mbele ya sikio. Pembe ya mdomo ikiruka, kalsiamu imeshuka. Wiki kadhaa baadaye damu hupimwa kuona kama kidonge ni cha kiasi chake. Vipimo hivyo haviwezi kufanyiwa mtu aliyebaki nyumbani kwa kuwa kovu limekauka na hana maumivu. Aliyetolewa tezi, akiandikiwa tarehe ya kurudi kliniki, na arudi; na daktari aliyempasua, asipomwona siku hiyo, amtafute.